Mlango wa Papa kwenye Ruta

Papa, baba yetu, alikuwa mwongo wa simu. Nasema hivyo kwa upendo, na kwa hasira kidogo pia. Yaya akipiga simu ya video kutoka Goma, papa anaomba kwanza shati lake jeupe, anaomba mto nyuma ya mgongo, anajifuta uso kwa kiganja, kisha anatabasamu mbele ya simu kama mtu aliyetoka karamuni. "Mi niko muzima, mwana. Miguu tu njo inanisumbua kidogo." Simu ikikatika anaanguka kitandani, na mimi namvua shati lililolowa jasho. Hapo tena hali wala hasemi mpaka jioni. Maongezi mafupi tu yalikuwa yanamla nguvu za siku nzima.

Yaya ni kaka yangu mkubwa, na si mtu wa kudanganywa kirahisi, ni mfanyabiashara. Siku moja aliniambia nitoke na simu nje ya chumba cha papa. Nikatoka mpaka barazani.

"Leki," akaniita, maana mimi ni mdogo wake, "papa iko ananidanganya, na weye uko unamusaidia. Mi nataka kumuona vile iko, haiko vile anajivalisha."

Nilitaka kumjibu vibaya. Mtu aliye mbali ni rahisi kudai mambo. Lakini alikuwa na haki, nami nilikuwa nimechoka kufua lile shati.

Wakati huo alikuwa amekwama. Alikwenda Goma kutafuta bidhaa za duka letu, nyaya na soketi na taa, kama alivyokuwa anakwenda mara nyingi. Vita vikaingia mjini akiwa huko. Ndege zikaacha kutua, na barabara ya kurudi Kisangani ikawa vipande vipande, kila kipande na watu wake wenye bunduki. Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tuliokuja kufanya biashara Kisangani tumezoea kuishi hivyo, mmoja huku anauza, mwingine kule ananunua. Tulikuwa tunajisifu kwa hilo hata. Sasa yaya alikuwa upande wa pili wa vita na papa alikuwa kitandani upande huu.

Moyo wa papa ulikuwa umechoka, miguu imevimba. Daktari alituambia kwa Kifaransa kizuri sana kwamba tumrudishe nyumbani. Kifaransa kikiwa kizuri kiasi hicho, ujue habari ni mbaya.

Na kulikuwa na ahadi. Katika ukoo wetu mzee akiona siku zake zinakwisha humwita mtoto wake wa kwanza, akamwekea mkono kichwani, akamuaga. Babu alimfanyia papa hivyo, na papa alipenda kutusimulia, mpaka uzito wa ule mkono alikuwa anatuambia. Tangu barabara ifungwe, kila yaya alipopiga simu papa alimaliza kwa maneno yale yale: "Sitaenda bila kukuaga." Yaya alikuwa anacheka, lakini mimi nilijua kwamba hicho ndicho kitu pekee alichokuwa anaogopa kukikosa. Hakuwa anauliza tena kuhusu duka. Alikuwa anauliza, "Papa alisema nini leo?"

Kwa hiyo nikaanza kutafuta namna ya kumfungulia mlango.

Nilikuwa nafundisha informatique katika shule ya sekondari, maana yake nilikuwa nafundisha watoto kompyuta kwa kuichora ubaoni. Nyumbani lakini tulikuwa na ruta, na antena juu ya paa iliyotuletea intaneti ya kampuni moja ya mjini. Tulikuwa pia na kamera mbili ambazo yaya alizitoa katika bidhaa zake kabla ya safari. Moja tulikuwa tumeifunga kwenye ukuta wa nyumba ikitazama uwanja na lango, kwa sababu ya wezi. Ya pili ilikuwa bado katika katoni. Zilikuwa kamera za kizamani: unazifungulia katika kompyuta kama ukurasa wa intaneti, unaandika neno la siri, unaona picha. Ukiwa ndani ya nyumba ni rahisi. Ukiwa Goma, huoni kitu.

Niliifunga ile ya pili katika chumba cha papa, juu ya kabati, ikitazama kitanda. Halafu nikakaa na kitabu cha ruta, kitabu chembamba kilichotafsiriwa vibaya, nikijaribu kuelewa kwa nini mtu wa nje haoni.

Nilielewa siku nilipofikiria parcelle yetu wenyewe, kiwanja chetu chenye ukuta. Parcelle ina lango moja barabarani, na ndani kuna vyumba vingi. Ruta ni mlinzi wa lango. Mtu wa ndani akitoka, mlinzi anamkumbuka na kumfungulia akirudi. Lakini mgeni akija kutoka mbali bila kuitwa, mlinzi hajui anamtafuta nani kati ya watu wote waliomo, basi anamwacha nje bila hata kumjibu. Dawa yake ni kumwachia mlinzi agizo: akija mtu akitaja mlango namba fulani, mpeleke moja kwa moja chumba fulani. Katika ruta yetu ukurasa wa maagizo hayo uliitwa "serveurs virtuels". Jina kubwa kwa kazi ndogo.

Vyumba, yaani vile vifaa vyetu, vilikuwa na namba ambazo ruta inavigawia yenyewe. Kamera ya papa ilikuwa imepewa kumi na mbili, ya lango kumi na tatu. Niliandika agizo moja tu: mlango 8081, mpeleke kumi na mbili. Nikahifadhi. Nikampigia yaya ajaribu.

"Haiko kitu. Inazunguka tu."

Nikafuta, nikaandika upya. Inazunguka tu. Nilitukana ruta, nikatukana antena, papa akaniuliza kutoka kitandani ninagombana na nani. Kesho yake nikaenda kwenye ofisi ya kampuni. Fundi, kijana mstaarabu, akatazama mashine yake na kuniambia: "Madame, hauna adresse publique. Weye na batu wengine muko nyuma ya mulango moja." Yaani lango nililokuwa nampa mlinzi wangu maagizo halikuwa lango la barabarani, mbele yake kulikuwa na lango la kampuni, na mlinzi wao hakuwa ananijua. Nilimwomba anipe anwani yangu mwenyewe, isiyobadilika. Akasema ni kwa makampuni tu. Nikamweleza habari ya papa. Akasema atauliza wakubwa. Nikakaa kwenye benchi yao mpaka wakachoka na sura yangu, wakanipa.

Sasa kitu kingine: ukiwa ndani ya nyumba huwezi kujua kama mgeni anaingia. Lazima wewe mwenyewe utoke uwe mgeni. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka cyber moja mjini, nikaandika anwani ya nyumba yetu na namba ya mlango, nikangoja. Picha ikaja polepole, kutoka juu kwenda chini: ukuta, neti ya mbu, kichwa cha papa. Alikuwa amegeuka upande na anajikuna mgongo kwa mwiko wa kusongea fufu. Mwiko wangu! Nilikuwa nimeutafuta jikoni juma zima. Nilicheka peke yangu katika ile cyber mpaka mwenye cyber akaja kuona. Halafu nikaanza kulia hapo hapo, kwa sababu kutoka mbali hivyo, bila shati jeupe, niliona kwamba papa alikuwa amebaki mifupa. Kila siku nilikuwa namwosha na sikuwa nimeona.

Jioni hiyo nilimweleza papa. Sikutaka kumfanyia siri. Ni mwili wake.

"Yaya iko anaweza kukuona kwa hii kitu, saa yote. Haiko lazima uvae shati."

Akaitazama kamera. "Donc mulango inafunguka mpaka Goma, na barabara imefungwa?"

"Eeh, papa."

"Na yeye anaweza kuingia?"

"Apana. Macho tu njo inaingia."

"Bon," papa akasema. "Macho inatosha."

Yaya alinipigia baada ya kumwona. Akasema asante, akakata. Kuanzia siku hiyo papa aliacha kudanganya. Mchana alikuwa anaisahau kamera kabisa. Alikoroma, alikataa dawa, alinigombeza kwamba lituma yangu, zile ndizi za kuponda, ina mawe, na yaya akayaona yote. Wakati wa kumwosha papa nilikuwa naitundikia kamera kitenge. Na kila jioni, kabla sijashusha neti, papa mwenyewe aliitafuta kamera kwa macho, akanyoosha mkono wa kulia kuelekea kwake, kiganja kikiwa chini, kama anakiweka juu ya kichwa cha mtu. Nami nilikuwa naushika ule mkono kwenye kiwiko asichoke. Yaya aliniambia kwamba huko Goma, jioni, alikuwa anainamisha kichwa mbele ya kompyuta.

Tulikuwa na shida moja tu, umeme. Tunakaa commune ya Tshopo, karibu na barrage. Maji yanayotengeneza umeme wa mji tunayasikia, umeme wenyewe hatuuoni. Tonton, mdogo wake papa, alikuwa ameleta betri ya lori na kigeuza umeme siku ile ile nilipofunga kamera ya papa, akaunganisha ruta na kamera zote mbili humo. Umeme ukikatika, betri inashika. Ukirudi, betri inajaa. Hivyo ruta haikuzimika hata mara moja tangu nilipoandika lile agizo. Tonton alijivunia ile betri mbele ya kila mgeni.

Jioni ya mwisho haikuwa na alama yoyote. Papa alikunywa uji vijiko viwili vitatu, akasema una chumvi, haukuwa na chumvi. Akanyoosha mkono. Nikamshikia kiwiko. Mvua ilikuwa inaanza, na mvua ikinyesha antena yetu inasumbua. Nikawaza kama yaya amepata kuona, nikasema nitamuuliza kesho. Nikashusha neti.

Asubuhi, wakati kengele ya misa ya kwanza inalia, papa aliacha kupumua. Nilikuwa nimeshika mguu wake. Sina namna nzuri ya kulisema jambo hilo, na sitaki kuitafuta. Nilipoweza kusimama, kitu cha kwanza nilichofanya, kabla sijamwita tonton, nilipanda juu ya kiti nikaichomoa ile kamera. Sikutaka yaya amwone papa vile akiwa peke yake.

Lazima nieleze desturi yetu hapa, kwa sababu nimegombana nayo tangu siku ile. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Unatafuta ndugu anayekaa karibu naye, anakwenda na wakristo wachache wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa mtaani, wanaingia, wanakaa, wanauliza habari za nyumba. Kisha wanamuuliza kama amekula. Kama hajala wanangoja ale kwanza, hata kidogo, kwa sababu akishaambiwa hatakula tena. Ndipo wanamwambia, wakiwa wamemzunguka, ili akianguka aangukie mikono. Kabla ya hapo, akipiga simu, anaambiwa mgonjwa amelala.

Tonton na wazee wengine walikaa chini ya paa la jikoni wakaamua. Mjomba wetu, ndugu ya marehemu mama, anakaa Goma, mtaa mwingine. Yeye ndiye atakayekwenda kwa yaya. Lakini siku ile mjomba akajibu kwamba mtaani kwao risasi zinalia tangu alfajiri na hakuna moto inayokubali kutoka. Labda kesho.

"Tutangoja kesho," tonton akasema.

"Tonton, iko anapiga simu. Amenipigia mara mingi."

"Usijibu sasa. Mangaribi utamupigia, utamuambia papa iko analala. Mutu haambiwake kifo kwa simu. Kwa simu anaanguka na nani?"

Nikaificha simu katika kitenge. Alikuwa amefiwa na kaka yake asubuhi hiyo, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mchana nyumba iligeuka kuwa ya matanga. Mnajua kazi hiyo: viti vyote vya sebuleni vinatolewa nje, mikeka inatandikwa ndani kwa wanawake, turubai linafungwa uwanjani kutoka ukuta mpaka lango, viti vya plastiki vinaletwa kwa mkokoteni. Wanakwaya walikuja na spika zao, na spika zinahitaji umeme. Umeme ulikuwa umekatika. Tonton akachomoa ile betri yake kutoka kwenye ruta, akazirudisha nyaya zilizokuwa humo kwenye soketi ya ukutani, akaibeba mwenyewe mpaka chini ya turubai. Baadaye jirani akaleta jenereta, ikawashwa, na nyumba yote ikaamka kwa mara moja, taa na friji na ruta na kila kilichounganishwa ukutani. Niliona taa ndogo za ruta zikiwaka kijani. Sikuwaza kitu. Kamera ya papa ilikuwa imechomolewa, mlango wake haukuwa na chumba nyuma yake, na yaya angeona ukurasa mweupe. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Kabla ya magharibi tonton alinipa ishara. Nilikwenda nyuma ya pipa la maji, pale karibu na lango ambapo wanawake hawanisikii, nikampigia yaya.

"Papa iko namna gani?" akauliza. Sauti yake ilikuwa tulivu.

"Iko analala."

"Iko analala."

"Eeh. Tangu asubuhi amechoka, njo sikujibu simu."

Nyuma yangu kwaya ilikuwa inajaribu spika, nikaziba simu kwa kiganja. Halafu akauliza: "Leki, umekula?"

"Nimekula."

"Haujakula. Kula. Hata kidogo. Kunywa maji."

Nilikasirika, nakumbuka vizuri. Mimi naungua na uongo wa wazee mdomoni, yeye ananiuliza chakula. Nikasema sawa, yaya, nitakula.

"Mumufunike muzuri," akasema. "Mvua ilinyesha." Akakata.

Nilijifunika uso kwa kitenge nikalia pale nyuma ya pipa, nikiwa na hakika kwamba hakuna mtu duniani anayeniona. Nilipomaliza nikanawa, nikarudi kwa wengine.

Kesho yake asubuhi mjomba alifika kwa yaya na watu wanne wa shirika. Alipotupigia simu baadaye, tonton aliweka sauti ili wote tusikie.

"Ule mutoto alikuwa anajua," mjomba akasema. "Nani alimuambia?"

Walikuta mlango uko wazi. Sebuleni viti vyote vilikuwa vimetolewa, mikeka imetandikwa, na ukutani kulikuwa na msalaba na mshumaa chini yake. Yaya alikuwa ameazima viti vya plastiki kwa jirani, amevipanga barazani. Aliwakaribisha, akawakalisha. Na kabla mjomba hajapata pumzi ya kuanza, yaya ndiye aliyewauliza kama wamekula. Alikuwa amewapikia chai na mihogo. Mjomba alisema alikuja kumshika yaya, na yaya ndiye aliyemshika yeye.

Watu wote chini ya turubai waligeuka kunitazama mimi. Shangazi akasema kwa sauti kwamba wasichana wa siku hizi hawawezi kufunga mdomo hata baba akiwa bado hajazikwa. Niliondoka nisije nikamtukana mtu mzima mbele ya jeneza.

Nilikwenda chumbani ilipo ruta, nikafungua kompyuta. Agizo langu lilikuwa pale pale: mlango 8081, mpeleke kumi na mbili. Nikafungua orodha ya vyumba. Kumi na mbili ilikuwa kamera ya lango.

Nilikaa chini. Ruta ikizimika inasahau namba zote ilizogawa. Ikiwashwa inaanza upya, wa kwanza kuamka anachukua namba ya kwanza iliyo wazi. Betri ya tonton ilikuwa imetuficha hilo muda wote. Jenereta ilipowashwa kamera ya papa ilikuwa imechomolewa, ya lango ikaamka ikapewa kumi na mbili, namba iliyokuwa ya papa. Na mlinzi akatii, kama nilivyomwagiza. Mtu alikuja kutoka Goma, akataja mlango wa papa, akapelekwa uwanjani. Neno la siri lilikuwa moja kwa kamera zote mbili. Akaona turubai. Akaona viti vya plastiki vikishushwa kutoka kwenye mkokoteni. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuelezwa vile viti.

Ndipo nikaelewa ile simu ya jana. Alipokuwa ananiuliza habari za papa, alikuwa ananitazama. Pipa la maji liko karibu na lango, katikati kabisa ya picha. Aliniona nikiziba simu kwa kiganja. Aliniona nikilia. Na alikuwa ameniuliza kama nimekula, swali lile lile, kwa sababu kulikuwa na watu wa kunizunguka mimi na hakukuwa na mtu wa kumzunguka yeye, basi akaifanya ile desturi kwa upande wake, akiwa peke yake, kwa simu. Nililia kwa sauti sasa, na sikujali nani anasikia.

Sikubadilisha kitu kwenye ruta. Papa alipotolewa, niliwaambia waliobeba jeneza wasimame kidogo langoni. Tonton alitaka kuuliza kwa nini, akaangalia nilikokuwa naangalia, juu ukutani. Akawaambia wageuze upande wa kichwa uelekee kamera. Walisimama hivyo mpaka mikono ikawauma. Makaburini hakukuwa na waya wala antena. Udongo wa kwanza, ambao ulikuwa wa yaya, aliutupa tonton.

Vita havijaisha. Yaya bado yuko kule na barabara bado ni ile. Kwa muda mrefu hatukuweza kuongea juu ya siku zile. Tuliongea juu ya duka. Nilikuwa na swali langu moja, na niliogopa kuliuliza. Siku moja mchana simu ilikuwa inasikika vizuri, nikaliuliza.

"Yaya, ile mangaribi ya mwisho, kulikuwa mvua. Uliona mukono?"

"Nilimuona."

Nikamshukuru Mungu. Nilidhani amemaliza.

"Picha ilikwama," yaya akasema. "Papa alinyoosha mukono, na picha ikakwama pale. Mi nikainamisha kichwa. Nikainua, mukono ingali juu. Nikajua, haya, ni mvua ya Kisangani. Nikaogopa kugusa. Nikaacha computer hivyo, nikalala. Asubuhi nikaamuka, mukono iko juu. Nikakunywa chai mbele yake, leki. Nikamusalimia hata. Nikakupigia simu, haukujibu. Nikapiga tena. Saa ya mchana nikashindwa, nikabonyeza ili picha ianze upya. Njo nikaona viti."

Huko kwake nilisikia mtu anapita na redio, halafu redio ikapotea.

"Yaya, ungefanya nini ingine?"

"Ningeacha," akasema. "Singegusa kitu. Papa angekuwa angali ananiaga."